Kutoa na Kuvuja: Historia ya Vichunguzi vya Mng'ao katika Utafiti wa Vimeng'enya vya Seli Hai

0. Utangulizi

Mwanafunzi wa biolojia anayesoma kwa Kifaransa hukutana mara nyingi na kitenzi kimoja, chenye maana ya kuachilia, kila inapoelezwa kwamba kimeng'enya kilichokuwa ndani ya seli sasa kimeonekana nje yake. Akitaka kulieleza jambo hilo hilo kwa Kiswahili, hana budi kuchagua. Ama seli imetoa kimeng'enya, ama kimeng'enya kimevuja kutoka katika seli. Kinachotoa ki hai na kina kazi inayotekelezwa, kinachovuja kimetoboka. Msemaji wa Kiswahili hawezi kukwepa uchaguzi huo bila kuiacha sentensi yake nusu.

Makala haya yanaeleza historia ya mbinu ambayo kwayo wataalamu wamejaribu kuviona vimeng'enya vya seli hai, yaani matumizi ya vichunguzi vya mng'ao. Neno mng'ao linatumika hapa kwa maana finyu: ni tabia ya dutu kupokea mwanga wa aina moja na kuurudisha papo hapo ukiwa na rangi nyingine. Kichunguzi cha mng'ao ni dutu iliyotengenezwa kusudi isiwe na mng'ao huo mpaka ikatwe na kimeng'enya kinachotafutwa. Lengo la makala si kuorodhesha uvumbuzi wote uliofanyika, kwani orodha hiyo ni ndefu mno. Lengo ni kuonyesha kwamba historia ya mbinu hii, tangu ilipozielekea seli hai, imekuwa kwa sehemu kubwa juhudi ya kutenganisha vitenzi viwili vilivyotajwa hapo juu, na kwamba uhai wa watu umetegemea utengano huo.

1. Gome, jiwe na rangi

Habari za kale za mng'ao zinatokana na miti. Mwaka 1565 tabibu wa Sevilla, Nicolás Monardes, aliandika juu ya mti wa dawa ya figo ulioletwa kutoka Mexico: maji yaliyolowekwa vipande vyake yaligeuka rangi ya buluu ya ajabu. Karibu karne tatu baadaye ikaja zamu ya mti mwingine wa Marekani, ule wa kwinini. Pelletier na Caventou walikuwa wameitenga kwinini kutoka katika gome lake huko Paris mwaka 1820. Mwaka 1845 John Herschel aliona kwamba maji yenye kwinini, ijapokuwa ni meupe kabisa, hutoa weupe wa buluu juu yake yakipigwa na jua. Hatimaye George Gabriel Stokes wa Cambridge, mwaka 1852, akatoa maelezo: kwinini hupokea mwanga wa urujuanimno usioonekana na macho, kisha huurudisha ukiwa na wimbi refu zaidi, ambalo macho huweza kuliona. Jina la tabia hiyo katika lugha za Ulaya alilitoa katika jiwe la floraiti, ambalo nalo hung'aa hivyo.

Kwa msomaji wa Kongo, gome hilo si jambo la mbali. Miti ya kwinini, ambayo asili yake ni milima ya Andes, ilipandwa Kivu wakati wa utawala wa Kibelgiji, na kwa miongo mingi dawa ya malaria ilitengenezwa Bukavu kutokana na gome lake. Inafaa kuongeza kwamba mmumunyo wa kwinini katika asidi ya salfa hafifu umeendelea kuwa kipimo cha rejea ambacho maabara nyingi hulinganishia mashine zao za kupimia mng'ao. Dutu iliyomfunulia Stokes siri ya mng'ao ndiyo inayotumika kuhakiki vyombo.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya kiwanda. Mwaka 1871 Adolf von Baeyer alitengeneza fluoresini, dutu yenye mng'ao wa kijani ambao huonekana hata inapokuwa imezimuliwa sana katika maji. Katika muongo uliofuata Hans von Pechmann alibuni njia nyepesi ya kutengeneza kumarini, jamii ya dutu zenye mng'ao wa buluu. Jamii hizo mbili, ya kijani na ya buluu, ndizo zilizokuja kuzaa vichunguzi vingi vya karne ya 20.

2. Kimeng'enya na seli iliyosagwa

Historia ya vimeng'enya ilianza kando na ile ya mng'ao. Mwaka 1833 Anselme Payen na Jean-François Persoz walipata kutoka katika shayiri iliyochipua unga uliogeuza wanga kuwa sukari, wakauita diastasi. Miaka mitatu baadaye Theodor Schwann alitambua pepsini ya tumbo. Jina la jumla linalotumika Ulaya lilibuniwa na Wilhelm Kühne katika miaka ya 1870, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "ndani ya chachu".

Kiswahili kilifuata njia nyingine. Neno kimeng'enya limetokana na kumeng'enya, yaani kuvunjavunja chakula mpaka kilainike. Jina la Ulaya linakumbusha mahali kitu kinapopatikana. Jina la Kiswahili linakumbusha kazi kinayoifanya. Ni kweli kwamba si kila kimeng'enya huvunja, kwani vipo vinavyounganisha. Lakini kwa mada hii neno la Kiswahili linafaa barabara, kwa sababu kichunguzi cha mng'ao hakikioni kimeng'enya chenyewe. Huona kazi yake.

Kwa muda mrefu kazi hiyo ilichunguzwa kwa kuiua seli kwanza. Mwaka 1897 Eduard Buchner aliisaga chachu pamoja na mchanga, akaikamua, na akaonyesha kwamba maji yaliyopatikana, yasiyo na seli hai hata moja, yaliendelea kugeuza sukari kuwa pombe. Ugunduzi huo, uliompatia tuzo ya Nobel mwaka 1907, ulimaliza ubishi wa muda mrefu kuhusu uchachu na uhai. Lakini uliwaachia wanabiokemia desturi moja: ukitaka kujua vimeng'enya vya seli, isage. Seli iliyosagwa humwaga kila kilichomo, na baada ya hapo haiwezekani tena kuuliza ni kipi ilichokuwa ikikitoa kwa hiari yake.

3. Taa iliyofunikwa

Njia mbili, ya mng'ao na ya vimeng'enya, ziliunganishwa kwa manufaa katikati ya karne ya 20. Mwaka 1955 Mead, Smith na Williams wa London walichapa utafiti kuhusu dutu ya jamii ya kumarini iitwayo methilumbeliferoni. Ikiwa huru, dutu hiyo ina mng'ao mkali wa buluu. Ikifungwa kwa asidi ya glukuroniki, mng'ao huo hupotea. Kimeng'enya kiitwacho beta-glukuronidasi hukata kifungo hicho, na taa iliyokuwa imefunikwa huonekana. Mwaka 1961 Leaback na Walker walitumia kanuni hiyo hiyo kwa kimeng'enya kingine, heksosaminidasi, ambacho kitatajwa tena hapa chini.

Nguvu ya mbinu hii inatokana na mambo mawili. Kwanza, mwanga huonekana vizuri penye giza: kiasi kidogo sana cha dutu yenye mng'ao huweza kupimwa, ambapo rangi ya kawaida isingeonekana. Pili, kimeng'enya hakiishi kwa kukata mara moja. Molekuli moja hukata kifungo, hukiachia, hukamata kingine, na kuendelea hivyo mara nyingi kwa dakika. Kwa hiyo mwanga huongezeka kadiri muda unavyopita, na kimeng'enya kilicho haba hujitangaza chenyewe.

Hata hivyo, kichunguzi cha buluu kilikuwa na kasoro kwa yeyote aliyetaka seli hai. Methilumbeliferoni hung'aa kwa ukamilifu katika mmumunyo wenye alikali nyingi. Ndiyo maana wapimaji waliacha kimeng'enya kifanye kazi, kisha wakaongeza alikali, wakasoma mwanga. Alikali hiyo husimamisha kimeng'enya, na seli yoyote iliyokuwamo hufa. Kipimo kilikuwa sahihi, lakini kilipatikana mara moja tu, mwishoni.

4. Utando na siri yake

Kabla ya kuendelea, ni lazima kueleza kwa nini utando wa seli una umuhimu mkubwa hivyo. Mwezi wa Desemba 1949, Christian de Duve na wenzake wa Louvain walikuwa wakipima kimeng'enya kiitwacho fosfatasi ya asidi katika ini la panya. Mmumunyo mpya ulionyesha kiasi kidogo sana, karibu sehemu moja ya kumi ya kile kilichotarajiwa. Waliuweka katika friji. Siku tano baadaye waliupima tena, na kimeng'enya kilikuwa kimerudi chote. Hakukuwa na muujiza. Kimeng'enya kilikuwa kimefungwa ndani ya vifuko vidogo vyenye utando; utando ulipochakaa, kimeng'enya kilivuja na kukutana na dutu ya kipimo. Vifuko hivyo de Duve aliviita lisosomu mwaka 1955.

Kisa hicho kina mafunzo mawili. Kimeng'enya kilichopo kinaweza kukosa kuonekana kwa sababu utando umekitenga na kichunguzi. Na kimeng'enya kinachoonekana nje kinaweza kuwa ushahidi wa uchakavu tu.

Boris Rotman ndiye aliyeupeleka mng'ao hadi kwenye seli moja moja. Mwaka 1961 alifungia kimeng'enya beta-galaktosidasi, pamoja na kichunguzi cha jamii ya fluoresini, ndani ya matone madogo mno yaliyozungukwa na mafuta ya silikoni. Kwa kuwa tone lilikuwa dogo, mwanga haukuweza kutawanyika, na kazi ya molekuli moja ya kimeng'enya iliweza kupimwa. Mwaka 1966, pamoja na Papermaster, Rotman alitumia fluoresini iliyofungwa kwa viini viwili vya asetati. Dutu hiyo isiyong'aa hupenya utando kwa urahisi. Ikifika ndani hukatwa na vimeng'enya vya seli, na fluoresini inayopatikana hutoka kwa shida. Seli yenye utando mzima hujaa mng'ao wa kijani. Seli iliyotoboka haiuhifadhi. Kwa mara ya kwanza mng'ao huo huo ulieleza mambo mawili: kwamba kimeng'enya kinafanya kazi, na kwamba nyumba yake haijabomoka. Isitoshe, fluoresini hung'aa vizuri katika hali ya kawaida ya seli, bila kuhitaji alikali ya kuua.

5. Seli-I: ubishi wa mwaka 1971 na 1972

Ubishi unaoonyesha wazi zaidi umuhimu wa tofauti kati ya kutoa na kuvuja ulihusu ugonjwa wa watoto, ulio adimu na mzito, uitwao ugonjwa wa seli-I. Seli za ngozi za watoto hao, zikikuzwa katika maabara, zilikuwa zimepungukiwa vimeng'enya vingi vya lisosomu kwa pamoja, huku uchafu usiomeng'enywa ukirundikana ndani yake. Lakini katika maji ya kukuzia, na katika damu ya wagonjwa, vimeng'enya hivyo hivyo vilipatikana kwa wingi kupita kiasi.

Mwaka 1971 Wiesmann, Vassella na Herschkowitz wa Bern walitoa maelezo yaliyoonekana ya kawaida: vimeng'enya vinavuja. Ikiwa nje vimejaa na ndani havipo, bila shaka chombo kina tundu. Mwaka uliofuata Hickman na Elizabeth Neufeld, wa taasisi za taifa za afya huko Bethesda, Marekani, walijaribu kubadilishana vimeng'enya kati ya seli. Waliwapa seli-I vimeng'enya kutoka kwa seli za watu wazima kiafya: seli-I zilivipokea na kuvihifadhi vyema. Hivyo lisosomu zake hazikuwa na tundu. Kisha wakachukua vimeng'enya vilivyotolewa na seli-I, wakavipa seli nyingine zenye upungufu: seli hizo hazikuvipokea. Kasoro ilikuwa katika vimeng'enya vyenyewe. Vilikosa alama ya kuvielekeza, mithili ya barua isiyo na anwani, na kwa kukosa anwani vilipelekwa nje.

Alama yenyewe ilitambuliwa mwaka 1977 na Kaplan, Achord na Sly kuwa ni sukari ya manosi iliyobeba fosfati, na mwaka 1981 ikajulikana ni kimeng'enya kipi cha kuibandika kinachokosekana katika seli-I. Matokeo ya uchunguzi huo hayakuishia kwenye ugonjwa mmoja. Kwa kuwa seli hupokea kimeng'enya chenye anwani sahihi kutoka nje, iliwezekana kumpa mgonjwa kimeng'enya alichopungukiwa kwa sindano ya mshipani. Mwaka 2003, kwa mfano, Marekani iliidhinisha laronidasi kwa ugonjwa wa Hurler, ambao pia ni wa lisosomu. Laiti neno "kuvuja" lingekubaliwa bila kujaribiwa, utafiti ungeendelea kutafuta tundu lisilokuwapo.

6. Damu, bahari na kisima

Katika miaka hiyo hiyo vichunguzi vya buluu vilitoka maabara na kuingia katika maisha ya watu. Mwaka 1969 Okada na O'Brien walionyesha kwamba ugonjwa wa Tay-Sachs, unaoharibu ubongo wa mtoto mchanga, husababishwa na ukosefu wa aina A ya heksosaminidasi. Kimeng'enya hicho seli hukitoa pia katika damu. Kwa hiyo tone la majimaji ya damu na kichunguzi cha methilumbeliferoni vilitosha kumtambua mzazi mwenye kubeba kasoro bila kuugua. Mwaka 1971 Michael Kaback alianza kupima Wayahudi wa Baltimore na Washington waliojitolea. Katika miongo iliyofuata, idadi ya watoto waliozaliwa na ugonjwa huo miongoni mwa Wayahudi wa Amerika ya Kaskazini ilipungua kwa zaidi ya asilimia 90.

Mwaka 1983 Hans-Georg Hoppe wa Kiel alipeleka vichunguzi hivyo katika maji ya Baltiki. Bakteria hawana kinywa. Vipande vikubwa vya wanga na protini haviwezi kupita katika utando wao, hivyo huwalazimu kumeng'enya chakula chao nje ya mwili, kisha kukinywa. Hoppe alitia vichunguzi katika maji ya asili na kupima kasi ya umeng'enyaji huo. Hapo swali la zamani lilijitokeza upya: kimeng'enya kilichomo majini kimetolewa na bakteria walio hai, au ni mabaki ya waliokufa? Watafiti wa maji walizoea kuyachuja na kupima sehemu mbili mbalimbali, ile iliyoshikamana na bakteria na ile inayoelea huru.

Mfano wa kisima ni tofauti kidogo. Mwaka 1982 Feng na Hartman walionyesha kwamba bakteria wa Escherichia coli, ambao ni dalili ya kinyesi majini, hutambulikana kwa glukuronidasi yao, kwa kutumia kichunguzi cha aina ile ya mwaka 1955. Kutokana na kanuni hiyo vilipatikana vipimo vinavyohitaji chupa, joto la mwili wa binadamu na taa ndogo ya urujuanimno. Hapa kimeng'enya hubaki ndani ya bakteria. Kinachotoka ni dutu yenye mng'ao. Lakini ni lazima kusema wazi kwamba aina ya O157:H7 ya bakteria hao, ambayo huharisha damu na kuweza kuua, kwa kawaida haina kazi ya kimeng'enya hicho. Chupa inayobaki gizani inathibitisha kwamba kimeng'enya hakikufanya kazi. Haithibitishi kwamba maji ni salama kwa kila hali.

7. Shahidi wa kifo na uchunguzi wa siku hizi

Jibu la vitendo kwa tatizo la kuvuja lilikuwa kuweka shahidi wa pili. Kimeng'enya laktati dehidrojenasi hukaa ndani ya seli na hakina sababu ya kutolewa nje. Kikionekana nje, seli zimepasuka. Hupimwa pia kwa mng'ao, kwa kutumia resazurini inayogeuka resorufini yenye mng'ao mwekundu. Mtafiti anayedai kwamba seli zake zinatoa kimeng'enya fulani hutakiwa aonyeshe kwamba shahidi wa kifo yuko kimya.

Uvumbuzi wa karibuni umefuata nyayo hizo. Mwaka 2014 watafiti walirudia wazo la tone la Rotman kwa mashine: kila seli ya chachu ilifungiwa katika tone lake, na ile iliyotoa amilasi nyingi zaidi ilitambuliwa kwa mng'ao na kuchaguliwa ikiwa hai. Amilasi ni jina la leo la diastasi ya mwaka 1833. Mwaka 1999 Weissleder na wenzake wa Boston walionyesha uvimbe wa saratani katika panya hai kwa kichunguzi kinachokatwa na vimeng'enya vya kuvunja protini, na mwaka 2024 Marekani iliidhinisha kichunguzi cha namna hiyo, pegulisianini, kimsaidie mpasuaji kuona kama seli za saratani zimebaki katika titi baada ya uvimbe kuondolewa. Hata hapo mng'ao huweza kuonekana pasipo na saratani, na uamuzi hubaki kwa daktari.

Kwa Kongo, iliyokuwamo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu kwa miaka ya 2021 hadi 2025, mfano wa maana zaidi ni ule wa makohozi. Rangi ya Ziehl na Neelsen, inayotumika tangu karne ya 19, huonyesha bakteria wa kifua kikuu chini ya hadubini bila kubagua wazima na wafu. Mgonjwa aliyekwisha kunywa dawa kwa miezi anaweza kuonyesha bakteria waliokufa, na muuguzi akashindwa kujua kama tiba imefaulu. Mwaka 2012 kundi la Jianghong Rao wa Stanford lilitangaza kichunguzi kinachokatwa na BlaC, kimeng'enya cha bakteria hao, na mwaka 2018 likaongeza kingine kinachohitaji bakteria aliye hai ndipo kishike na kung'aa. Swali la Rotman la mwaka 1966, kama nyumba ni nzima, limefika kwenye kikopo cha makohozi.

8. Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa imeonyesha kwamba kuongezeka kwa mwanga peke yake hakukuwapa wataalamu ukweli kuhusu seli. Buchner alipata kimeng'enya kwa kuisaga seli. De Duve alikipata kwa sababu utando ulichakaa. Watafiti wa Bern waliona wingi wa vimeng'enya nje wakadhani ni mvujo. Katika kila hali kipimo kilikuwa sahihi, na tatizo lilikuwa kitenzi kilichotumiwa kukieleza.

Walimu na wanafunzi wanaotafsiri maandishi ya sayansi kwa Kiswahili wana jukumu hapo. Ni rahisi kuandika kwamba kimeng'enya "kimeachiliwa" na kuendelea na sentensi inayofuata. Lakini lugha inayo maneno ya kutoa, kuvuja na kumwagika, na kila moja linadai ushahidi wake: anayeandika kutoa aonyeshe kwamba seli ilikuwa hai, na anayeandika kuvuja aonyeshe tundu. Mfasiri asiyepata ushahidi huo katika matini ya asili afadhali arudi kumuuliza mtaalamu wa maabara kabla ya kuchagua neno.